Mtaka cha Mvunguni: Mzizi, Mwanga na Gharama ya Kuinama

Karibu kila aliyepita sekondari katika nchi zetu amewahi kulitazama haragwe likiota ndani ya chupa. Pamba iliyoloweshwa, karatasi imezungushiwa ndani, haragwe limebanwa kati ya karatasi na kioo ili lionekane, chupa imewekwa dirishani. Siku ya tatu au ya nne mzizi unachomoza, mweupe, unajipinda na kushuka. Mwalimu wetu wa baiolojia aliilaza chupa ubavu, na kesho yake tukakuta ncha imekata kona na kuelekea chini tena. Tukaandika daftarini sentensi moja: mzizi hukua kufuata mvutano wa dunia. Mtihani ulipokuja tukaiandika tena, tukapewa alama zetu.

Sentensi ile haikuwa ya uongo. Shida yake ni kwamba iliishia pale ambapo habari yenyewe inaanza. Ilitufanya tuuone mzizi kama jiwe linalodondoka polepole sana. Lakini jiwe halili. Jiwe halina haja ya kujua kama jua limechomoza. Mzizi unatumia sukari kwa kila milimita inayoongezeka na kwa kila kona inayokatwa, na mwanga umo katika hesabu hiyo kwa njia mbili: unaupa mmea chakula cha kuendeshea safari, na unaupa mzizi wenyewe habari kwamba uso wa ardhi uko karibu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mzizi unataka maji na chumvi za mvunguni, na kuinama kwake kuna gharama. Hoja yangu ni kwamba gharama hiyo tumeiacha nje ya somo, nje ya maabara kwa muda mrefu, na nje ya mashamba ya majaribio ya mbegu, na tunaanza kuona hasara yake.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1806 Mwingereza Thomas Andrew Knight alifunga mbegu za maharage kwenye gurudumu lililoendeshwa na kijito kilichopita katika bustani yake. Gurudumu lilizunguka kwa kasi usiku na mchana, na mbegu zikaota huku zinazungushwa. Mizizi yote ikaelekea nje, mbali na kitovu cha gurudumu, na machipukizi yote yakaelekea ndani. Kwa jaribio hilo moja alionyesha kwamba mmea unaitikia nguvu inayouvuta, hata pale nguvu hiyo isipokuwa ya dunia. Udongo haukuhusika, unyevu haukuhusika.

Charles Darwin na mwanawe Francis, mwaka 1880, waliongeza jambo ambalo bado linanishangaza kila nikilifikiria. Walipoiondoa ncha ya mzizi, mzizi uliendelea kukua lakini haukujua tena chini ni wapi. Maana yake anayehisi ni ncha, na panapopinda ni nyuma ya ncha. Kuna ujumbe unaosafiri kati ya sehemu hizo mbili. Na palipo na ujumbe pana mjumbe, na mjumbe hasafiri bila posho.

Kuhusu anayehisi, jibu lilipatikana mwaka 1900, wakati Gottlieb Haberlandt na Bohumil Němec, kila mmoja kwa njia yake, walipoonyesha umuhimu wa wanga. Ncha ya mzizi imevikwa kofia ya seli zinazoilinda isichubuliwe na mchanga. Katikati ya kofia hiyo kuna seli zilizobeba chembe za wanga, nzito kuliko ute unaozizunguka. Mzizi ukiwa wima chembe zimetulia sakafuni mwa seli. Mzizi ukilazwa, zinateleza na kutua kwenye ukuta ambao sasa umegeuka kuwa sakafu, kama mchele unavyohama ndani ya kibuyu kilicholazwa. Mwaka 1989 watafiti walipochunguza mimea iliyozaliwa bila uwezo wa kutengeneza wanga, waligundua kwamba mizizi yake bado inapinda, ila kwa uzito na uzembe. Wanga hauwi kila kitu basi, lakini bila wanga hisia inafifia.

Kilichofuata baada ya chembe kutua kilibaki kitendawili kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 2023 timu mbili, moja ya Japani na nyingine ya China, zilionyesha kwamba juu ya chembe hizo za wanga zimepanda protini za ukoo uitwao LAZY, yaani mvivu, jina lililotokana na mahindi yenye kasoro ya jeni hiyo ambayo hulala chini badala ya kusimama. Chembe ikitua, protini hizo zinahamia kwenye utando wa seli wa upande ule ule. Hapo ndipo upande wa chini unapopata alama yake. Kisha milango ya protini ziitwazo PIN inaelekeza homoni ya oksini upande huo. Katika mzizi oksini nyingi hupunguza kurefuka, kwa hiyo seli za upande wa chini zinachelewa, za juu zinaendelea kurefuka, na mzizi unapinda. Kazi hiyo inaanza ndani ya dakika chache. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba ncha ikishafikia pembe ya nyuzi 40 hivi kutoka mlalo, tofauti ya oksini kati ya juu na chini inafutika, na mzizi unamalizia kona bila kusukumwa zaidi. Mmea hauendelei kulipa pale ambapo kazi imeshashika njia.

Sasa tuangalie bili. Oksini haitoki katika seli moja kwenda nyingine kama maji yanavyotiririka kwenye mfereji. Seli inasukuma protoni nje kwa pampu zinazoendeshwa na ATP, ile sarafu ya nishati ambayo kila kiumbe hai hutumia, na tofauti ya chaji inayopatikana ndiyo inayoiwezesha oksini kuingia huku na kutoka kule. Milango ya PIN yenyewe haikai mahali pamoja. Inatolewa, inarudishwa ndani, inapangwa upya, inavunjwa na kutengenezwa tena muda wote. Protini zinagharimu ATP kutengenezwa. Chembe za wanga ni sukari iliyotoka kwenye jani, ikasafiri urefu wote wa shina, ikafika mwisho kabisa wa mmea na kuwekwa pale ili iwe uzito wa timazi. Wataalamu wa zamani walikwisha kuona kwamba wanga wa kofia ya mzizi hauliwi ovyo hata mmea ukiwa na njaa. Mwenye njaa aliyekaa na akiba bila kuigusa ana sababu nzito.

Uhusiano kati ya shibe na mwelekeo umepata ushahidi wa karibu zaidi katika miaka hii. Mwaka 2013 Yan Xiong, Jen Sheen na wenzao walitumia mmea mdogo uitwao Arabidopsis, wa ukoo mmoja na kabichi na sukuma wiki, kuonyesha kwamba mche mchanga uliomaliza akiba ya mbegu huacha kukuza mzizi mpaka sukari ya usanisinuru ifike. Glukosi ikifika inaamsha kimeng'enya kiitwacho TOR, ambacho kazi yake ni kama ya mtunza ghala: kikiona chakula kipo kinaruhusu seli zigawanyike, kikiona hakuna kinafunga mlango. Mwaka 2020 kundi la Xiong likaonyesha kwamba TOR huyo huyo ndiye anayeilinda protini ya PIN2 isivunjwe, na PIN2 ndiyo mlango mkuu unaobeba oksini kutoka ncha kurudi nyuma pale mzizi unapopindia. Yaani sukari ikipungua, hata kifaa cha kusafirishia habari ya mvutano kinayumba.

ATP yenyewe ina sura nyingine. Mwaka 2003 watafiti wa Texas na wenzao waliweka ATP nje ya seli, mahali ambapo kwa kawaida ni kidogo sana, na mizizi ya Arabidopsis ikashindwa kufuata mvutano kwa sababu safari ya oksini ilivurugika. Nishati ikiwa ndani ni chakula, na ikizagaa nje inasomeka kama habari ya kwamba kuna mahali pamepasuka.

Tuje kwenye mwanga, na hapa naomba msomaji aliyewahi kupanda mahindi atege sikio. Kuna aina ya mahindi iitwayo Merit ambayo mzizi wake wa kwanza, ukioteshwa gizani, haushuki. Unakwenda mlalo. Ukimulikwa, unapinda na kushuka. Lewis Feldman na Winslow Briggs waliandika habari zake mwaka 1987, na ilikwisha kujulikana kwamba mwanga mwekundu unatosha na kwamba anayeuona ni kofia ya mzizi, sehemu ile ile inayobeba wanga. Miaka 15 kabla yao, mwaka 1972, jambo la aina hiyo lilikwisha kuonekana kwa gugu la shambani la jamii ya viazi vitamu, Convolvulus arvensis. Fikiria maana yake. Mvutano wa dunia upo palepale, gizani na mwangani, hauongezeki wala haupungui. Wanga upo. Lakini mzizi haufuati mpaka upate neno la pili kutoka kwa mwanga.

Kwa nini mmea uwe na tabia hiyo? Tafsiri yangu ni hii. Katika udongo wa kawaida mwanga hupenya milimita chache tu. Mzizi unaoona mwanga uko hatarini: karibu na uso, mahali panapokauka kwanza. Habari ya haraka kwake ni shuka. Mzizi ulio gizani tayari umefichika, na una nafasi ya kutanda pembeni kutafuta chumvi kabla ya kutumia sukari kushuka zaidi. Mwanga kwa mzizi huo unafanya kazi ya kuamua kama gharama ya kuinama inafaa kulipwa sasa hivi.

Mimea mingine haisubiri ruhusa ya namna hiyo, lakini nayo inausoma mwanga. Akina Darwin waliona mizizi ya haradali ikiukimbia. Leo tunajua kwamba mwanga wa buluu unaifanya mizizi ya Arabidopsis igeuke upande wa pili, na mwekundu unaivuta kidogo. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba PIN2, mlango ule wa oksini niliokwisha kuutaja, unakaa mahali pake kwenye utando pale mmea unapopata mwanga, na mmea ukiwekwa gizani unavutwa ndani na kutupwa kwenye kiriba cha seli unakovunjwavunjwa. Njaa inaugusa mlango huo, na giza linaugusa mlango huo huo. Sidhani kama ni bahati tu, maana kwa mmea giza refu na njaa ni ndugu wa tumbo moja.

Ugunduzi ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 2016, wa watafiti wa Korea Kusini na Ujerumani. Walionyesha kwamba mwanga unaoangukia shina hushuka ndani ya mmea wenyewe, kupitia mishipa yake, mpaka kwenye mizizi iliyofunikwa na udongo, kama habari zinavyosafiri ndani ya mkongo wa mawasiliano uliolazwa chini ya bahari. Huko chini unaamsha fitokromu, protini inayouona mwanga mwekundu, ambayo nayo inaongeza protini nyingine iitwayo HY5. Mimea isiyo na HY5 mizizi yake inakua na kuufuata mvutano kwa namna tofauti pale shina linapomulikwa. Hivyo mzizi uliozikwa hauishi katika giza tupu. Unapata mwanga hafifu kutoka juu, na unaujua mchana.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye lawama yangu. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu mizizi imetoka kwenye visahani vya plastiki ang'avu, vilivyosimamishwa chini ya taa, mizizi ikiwa imemulikwa sawasawa na majani. Ndani ya visahani hivyo jeli mara nyingi imetiwa sukari, kwa kawaida gramu 1 kwa kila mililita 100. Tumeupa mzizi mwanga ambao si wake na shibe ambayo hakuifanyia kazi, kisha tukaandika jinsi unavyoufuata mvutano. Ken Yokawa, František Baluška na Stefano Mancuso walionya mwaka 2011 kwamba sekunde chache za mwanga zinatosha kuzalisha kemikali kali za oksijeni ndani ya mzizi, dalili ya mkazo, na kwamba mzizi uliomulikwa unakimbia. Mwaka 2015 watafiti wa Hispania walitengeneza kisanduku wakakiita D-Root, kinachoyaacha majani mwangani na kuifunika mizizi, na wakaona kwamba mizizi iliyolelewa namna hiyo inakua tofauti na ile ya visahani vya kawaida.

Chupa yetu ya shule ilikuwa kisahani kile kile. Tuliiweka dirishani.

Lazima niwe mwadilifu kwa upande wa pili. Mizizi ya mazao mengi hushuka vizuri tu katika giza totoro. Haragwe lililozikwa sentimita tano linashusha mzizi kabla jani halijaliona jua, kwa sababu mbegu imebeba chakula cha safari ya kwanza. Mahindi ya Merit ni aina moja kati ya maelfu. Na wanasayansi waliotumia visahani vyenye mwanga hawakufanya upuuzi, kwa maana bila kuona usingeweza kupima, na mambo makubwa waliyoyagundua yamesimama. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ya kuchukua tabia ya mzizi ulioshiba na kumulikwa na kuiita tabia ya mzizi. Mkulima hapandi kwenye jeli.

Anayetaka kuona mizizi inayopiga hesabu zake hadharani, na asiwe na maabara, aende pwani maji yakiwa yamekupwa. Katika mikoko ya delta ya Rufiji au ya Lamu utaukuta mchu umezungukwa na mamia ya vijiti vyembamba vilivyochomoza kutoka kwenye tope, vimesimama wima kama penseli. Ni mizizi. Imekua kwenda juu, kinyume kabisa na sentensi ya daftari langu. Ukifukua kidogo utakuta vijiti hivyo vimetoka kwenye mizizi minene inayotambaa mlalo, na kutoka kwenye hiyo hiyo kuna mingine inayoshuka kuushikilia mti dhidi ya mawimbi. Mti mmoja, mvutano mmoja, majibu matatu.

Sababu ya mizizi ile kupanda juu ni nishati. Tope la mikoko halina hewa, na mzizi hauna usanisinuru wa kutegemea huko chini. Unachoma sukari inayoletwa kutoka majani. Sukari moja ya glukosi ikichomwa kwa oksijeni inatoa ATP 30 hivi. Bila oksijeni inatoa ATP 2. Mti unaoishi kwa kiwango hicho cha pili hauwezi kuinua hata tawi, achilia mbali kusukuma chumvi ya bahari nje. Hivyo unajenga mizizi inayopanda kutafuta hewa, yenye vitundu vya kupumulia, na kupitia mifereji ya ndani oksijeni inashushwa kwa ile iliyozama topeni. Mlilana nao hufanya vivyo hivyo. Wavuvi na wakata nguzo wameitazama mizizi hiyo tangu enzi za majahazi, na wanajua vizuri kuliko kitabu kwamba ukiizika kwa mchanga mti hufa. Sijaelewa kwa nini mfano huu, ulio umbali wa matembezi kutoka shule nyingi za pwani, hauwi wa kwanza katika somo la mizizi.

Shambani hesabu hiyo ina uzito wa chakula. Mwaka 2013 Yusaku Uga na wenzake nchini Japani walitangaza jeni ya mpunga waliyoiita DRO1. Waliitoa katika mpunga wa Ufilipino wa nchi kavu, Kinandang Patong, wakaiingiza kwa kuzalisha katika IR64, mpunga maarufu wenye mizizi ya juujuu. Mizizi ikapinda zaidi kuelekea chini, ikafika kina kirefu, na mpunga huo ukavuna zaidi pale mvua ilipokatika. DRO1 ni ya ukoo wa LAZY, ndugu wa zile protini zinazopanda juu ya chembe za wanga. Yaani badiliko dogo katika namna ncha inavyousoma mvutano liligeuka kuwa tofauti ya magunia.

Lakini msiharakishe kutaka kila zao lishuke. Fosforasi hukaa karibu na uso wa udongo. Mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba baadhi ya maharage, yakikosa fosforasi, yanainua pembe ya mizizi yake ili yatande juujuu, yaani yanaudharau mvutano kwa makusudi. Udongo wenye asidi uliochoka fosforasi ni mwingi magharibi ya Kenya na katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na herufi ya mwisho ya ATP ni fosfeti. Bila fosforasi hakuna sarafu ya kulipia chochote. Kwa hiyo wakulima wetu wanaochanganya mahindi na maharage katika tuta moja wanafanya jambo lenye mantiki chini ya ardhi, pale aina zilizochaguliwa zinapogawana ghorofa: haragwe juu, muhindi chini. Aina zikichaguliwa vibaya, zote mbili zinagombania sentimita zilezile 20.

Ukame nao una njia yake ya kubadilisha hesabu. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mizizi ya Arabidopsis na ya figili ikipata kiu, wanga katika kofia ya mzizi unavunjwa haraka. Akiba ile isiyoguswa na njaa inaguswa na kiu. Timazi linapoondoka, mzizi unalegea katika kuufuata mvutano na unakuwa huru kugeukia upande wenye unyevu. Nadhani huu ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba mwelekeo wa mzizi ni bajeti: mmea unaukata mkono wa dira yake wenyewe pale dira inapoelekeza pakavu.

Na msongamano. Mimea ikibanana, majani ya jirani yanarudisha mwanga mwekundu wa mbali, ule ambao jicho letu halioni vizuri. Mwaka 2018 watafiti wa Utrecht walionyesha kwamba mwanga huo ukiangukia majani ya Arabidopsis, HY5 inashuka hadi mizizini na mizizi ya pembeni inapungua. Hayo ni ya Arabidopsis, na sitayabandika kwa mahindi bila kipimo. Ila yananifanya niyatazame kwa jicho jingine mashamba ambamo mbegu tatu zimetupwa katika shimo moja na palizi imechelewa wiki tatu. Tunahesabu kivuli kama hasara ya majani, huku mzizi nao ukipokea habari ya kivuli na kupunguziwa sukari, vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kila Agosti nikipita kwenye mabanda ya Nane Nane natazama mifuko ya mbegu. Imechorwa muhindi mnene, imeandikwa siku za kukomaa, magonjwa unayostahimili, gunia kwa ekari. Sijaona hata mmoja uliochorwa mzizi au ulioandika pembe yake. Neno stahimilivu wa ukame lipo, lakini kwa njia gani, kwa kufupisha siku au kwa kushuka kina, mkulima haambiwi. Kupima si kazi ya mamilioni. Jonathan Lynch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State wameeneza njia ya kuchimba mmea kwa koleo, kuuosha mzizi kwenye ndoo na kuulaza juu ya ubao uliochorwa pembe. Koleo, ndoo, ubao. Vituo vyetu vya utafiti wa mbegu vina vyote vitatu, na naona hakuna kisingizio cha aina mpya kupitishwa bila mtu kuufukua mzizi wake katika udongo wa mahali itakapopandwa, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi.

Shuleni ni rahisi zaidi, na napenda walimu wa baiolojia wajaribu muhula huu. Chukueni chupa nne badala ya moja. Mbili zifunikwe kwa karatasi nyeusi kuanzia shingoni kwenda chini, majani yabaki juani. Mbili ziachwe wazi kama tulivyozoea. Katika kila jozi, chupa moja iwe na haragwe zima, na nyingine iwe na haragwe lililokatwa nusu moja ya chakula chake mara tu lilipoota. Zilazwe ubavu zote saa moja, siku moja. Wanafunzi wapime pembe ya ncha kwa kipimapembe baada ya saa mbili, sita na 24, na waandike namba zao wenyewe hata zikitofautiana na za jirani. Chupa zilizofunikwa zifunguliwe kwa kupima tu, dirisha likiwa limezibwa, kwa tochi hafifu iliyovikwa karatasi ya kijani, kisha zifunikwe tena upesi.